Je, Mtu Huchanua kwa Kukatwa?

Katika ukurasa huu hatutaandika habari za michango wala ratiba ya sala za wiki. Hizo mtazikuta nyuma. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya ua moja linaloota ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na juu ya mahubiri tuliyoyatoa siku moja ambayo tungependa kuyafuta kama ingewezekana. Waliokuwapo siku ile watatuelewa upesi. Ambao hawakuwapo wavumilie, tutawaeleza.

Ua lenyewe ni jeraniamu. Wareno huliita sardinheira, na neno hilohilo kwa lugha yao ni mwanamke muuza dagaa, jambo linalowachekesha sana wazee wetu waliokuwa wavuvi wa Milamba. Watoto wa hapa Quitunda wamelisikia jina vibaya wakaligeuza kuwa "ua la jirani", nasi hatukuwasahihisha. Majani yake ni ya mviringo, yana manyoya laini na alama nyeusi-nyeusi iliyozunguka kama bangili katikati ya jani. Ukiyapapasa hutoa harufu kali isiyofanana na mrehani wala asmini wanazopanda jirani zetu Waislamu mlangoni. Maua hukaa kwa kishada juu ya kikonyo kirefu. Haya tunayoyasema ni mekundu.

Si mmea wa pwani hii. Asili yake ni Afrika Kusini, hasa upande wa Rasi, ambako huota porini kama kichaka bila mtu kuumwagia maji. Katika karne ya 17 na ya 18 meli za Kiholanzi zilichukua mimea ya jamii hii hadi Ulaya, na wakulima wa bustani wa huko wakaichanganya mpaka wakapata hizi aina za vyunguni tunazozijua. Leo ukipita mitaa ya Ujerumani au Uswisi wakati wa kiangazi chao utadhani ni ua lao la tangu enzi.

Mama mwenye ua hili tutamwita mama tu, kwa kuwa amekataa jina lake liandikwe. Alizaliwa karibu na bahari. Miaka mingi iliyopita alikwenda kumtazama binti yake aliyeolewa Mueda, kule uwanda wa juu ambako asubuhi watu huvaa sweta, akaliona ua hili mbele ya nyumba ya wakwe limechanua vibaya sana, kama wasemavyo vijana. Akaomba tawi. Akalifunga kwa kitambaa kibichi, akashuka nalo hadi pwani. Mwaka 2019, familia za kwanza zilipohamishwa kutoka eneo la mradi wa gesi wa Afungi na kuletwa hapa Quitunda kwenye nyumba mpya za matofali ya saruji, yeye alikuwa miongoni mwao. Magodoro na masufuria yalifungwa juu ya gari. Kopo alilipakata.

Sisi tulifika baadaye na kwa njia nyingine. Mocímboa da Praia tuliikimbia mwaka 2020. Palma tukaikimbia baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021, kwa miguu, usiku, pamoja na watoto. Quitunda ilikuwa imejengwa kwa ajili ya familia zaidi kidogo ya 500, na katika siku chache zile maelfu ya watu wakaingia. Walilala barazani, chini ya miti, kando ya uzio. Wengi walichukuliwa kwa meli na ndege hadi Pemba, sisi tulibaki. Mama huyu alitupokea barazani kwake, watu 11 usiku wa kwanza, akasogeza makopo yake ukutani ili miguu yetu ipate nafasi.

Asubuhi ya tatu tulimkuta anayamwagia makopo maji. Kumbukeni hali ya mabomba siku zile: foleni ya ndoo ilianza kabla ya alfajiri. Tulimkemea. Tulitumia sauti ya madhabahuni, tena barazani kwake mwenyewe, sisi wageni. Tulisema, "Mama, watoto wanalia kiu, nawe unanywesha maua?" Hakujibu upesi. Alituonyesha bakuli: maji meupe, ya kuoshea mchele. "Mchungaji," akasema, "haya ungeyanywa?"

Tukanyamaza. Hata hivyo swali letu halikuwa la kipumbavu kabisa. Yuda Iskariote aliuliza swali la namna hiyo juu ya marhamu, na kwa sababu muulizaji alikuwa mwizi tumezoea kudhani kwamba swali lenyewe ni la wizi. Sivyo. Kama pangekuwa na kikombe kimoja cha maji safi, na mtoto mmoja, na ua moja, hakuna cha kujadili, na mama huyo asingengoja kuambiwa. Lakini siku nyingi mambo hayako hivyo. Lipo kopo lililotupwa, yapo maji ya mchele, ipo nusu saa ya jioni ambayo isipotumika kwa ua hutumika kwa kukaa na kuwaza. Wagawaji wa misaada hutuhesabia unga, mafuta, maharage na turubai, nao wanafanya vema. Hawana mstari wa maua katika karatasi zao, wala hatuwadai. Yeremia alipowaandikia mateka wa Babeli aliwahimiza wajenge nyumba na kupanda bustani, na hatusomi kwamba aliwapangia mbegu. Basi hilo tuliachie hapo, maana lililotufanya tushike kalamu ni jingine.

Baada ya aibu ile tulianza kumwangalia mama anavyofanya. Kopo lake lina matundu matano chini, aliyotoboa kwa msumari, kwa kuwa mmea huu hufa kwa kuoza mizizi mara nyingi kuliko kwa kiu. Udongo ni mchanga wetu huu huu, amechanganya samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mingi hadi haina harufu tena, na kiganja kimoja cha majivu ya kuni. Samadi mbichi, au samadi nyingi, humpa mtu majani mapana ya kupendeza bila ua hata moja. Majivu yana potasiamu, nayo husaidia kuchanua, ila yakizidi huharibu udongo. Hamwagi maji kila siku. Hutia kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza; kikitoka na unyevu, anaondoka zake. Maji ya kisima chenye chumvi hayagusi.

Halafu hachagui kopo kubwa. Hili lilitushangaza. Mizizi ikibanwa kidogo mmea huchanua mapema. Ukiupandikiza kwenye debe zima, hushughulika kwanza kulijaza debe mizizi na majani. Makopo yanapata jua la asubuhi, na saa sita ikifika kivuli cha paa kinayafunika. Kila wiki huyazungusha kidogo, ili mmea usiinamie upande mmoja kama mzee mwenye kiuno kibovu.

Na anakata. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Kishada kikinyauka hakingoji kidondoke. Hushika kikonyo chote na kukivunja pale kinapoungana na shina, maana kupukuta vijiua vya juu na kuacha kikonyo ni kazi nusu. Mmea huchanua ili upate mbegu. Ukizipata, hupumzika. Ukinyimwa, hujaribu tena. Matawi marefu nayo huyakata ncha juu kidogo ya kifundo, ili palipokuwa na ncha moja zitokee mbili, kwa kuwa matumba hutokea kwenye machipukizi. Baada ya kukatwa, kopo hukaa karibu uchi kwa wiki kadhaa, likitia huruma.

Mwezi wa Julai mwaka 2022 makopo matatu yalichanua kwa pamoja. Watu walikuwa wakisimama njiani kuyatazama, hata askari. Jumapili iliyofuata tuliomba kopo moja, tukalibeba mpaka kwenye banda letu la makuti, tukaliweka juu ya meza ya mbele, tukahubiri kutoka Yohana sura ya 15, habari za mzabibu na matawi. Tulisema mengi. Tulisema kwamba Mocímboa ilikuwa kisu, Palma ilikuwa kisu, njaa ya mwaka uliopita ilikuwa kisu, na mkono ulioshika ni mmoja. Tulisema kwamba tulikuwa tumenenepa majani bila maua, na sasa, wapendwa, tutachanua! Watu walipiga vigelegele. Yalikuwa mahubiri mazuri, na hilo ndilo linalotutisha mpaka leo.

Katikati ya vigelegele mzee mmoja aliinuka akatoka. Mwanawe wa miaka 19 hajaonekana tangu siku ya Palma. Hakuna kaburi. Sisi tulimwona akitoka, na, Mungu atusamehe, tulidhani ameguswa.

Jioni mama alikuja kuchukua kopo lake. Alitushukuru kwa kulisifu ua, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nikikata nakaa nalo. Likilegea nasimamisha kisu. Siku ile sisi, aliyeshika kisu ni nani? Kama ni Mungu, basi wale vijana wa msituni walikuwa watumishi wake. Tuwapelekee shukrani?"

Hatukuwa na jibu. Chuo cha Biblia kilitufundisha kupanga hotuba kwa vichwa vitatu. Mama mwenye kopo hakuwamo katika mtihani. Lakini swali lake limekaa nasi miaka yote hii, nasi tumelichunguza kwa kadiri ya uwezo wetu, na yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tulikuwa tumekosea hata habari ya ua lenyewe. Mama alitupa matawi, tukawa na makopo yetu mawili. Mwezi wa Januari mwaka 2023 tuliyakata kwa bidii, tukiamini kisu. Yalitoa majani, na matumba machache yaliyokauka kabla ya kufunguka. Mwenye kuijua Quitunda anaijua Januari yake: joto limepita nyuzi 30, hewa imejaa maji, usiku haupoi. Katika hali hiyo jeraniamu hupunguza kuchanua au huacha kabisa, ukate usikate. Ilipofika Julai, kusi likivuma na usiku umepoa, matumba yalitoka hata kwenye tawi ambalo hatukuligusa. Hatukatai kwamba kisu kilisaidia kuongeza matawi. Lakini tulikisifu kisu, kumbe kazi kubwa ilikuwa ya kusi.

Je, si ndivyo tunavyowasoma na watu? Tunamwona mama aliyekimbia na kanga moja, leo ana meza ya mihogo ya kukaanga na watoto wanakwenda shule, nasi tunasema: tazameni, mateso yamemjenga. Mwulizeni mwenyewe. Atawatajia jirani aliyemkopesha chupa ya mafuta, shemeji wa Pemba aliyetuma pesa kwa simu, mwalimu aliyempokea mtoto asiye na vyeti. Hatataja panga. Tukilipa panga sifa, tunamwibia jirani sifa yake. Tena tunawahesabu waliosimama tu. Walionyauka hatuwaoni kwenye vikao, kwa kuwa hawaji. Wako ndani, wamelala saa nne asubuhi wakitazama ukuta, na katika ushirika wetu mdogo tunaweza kuwataja saba.

Jambo la pili tulilipata kutoka kwa jirani yetu Mwislamu, mwezi wa Ramadhani, bila yeye kukusudia. Alikuwa akisema kwa utani kwamba mwaka 2021 alifunga miezi mitatu mfululizo na hakupata thawabu hata moja. Tulicheka wote, kisha tukaacha kucheka. Kufunga na kukosa chakula huliacha tumbo katika hali ileile. Mtu akipimwa mwili, hakuna daktari atakayekuambia huyu ameshiba nia na yule ameshikwa na njaa. Lakini sisi sote tunajua kwamba ni mambo mawili tofauti kabisa, kwa sababu aliyefunga ameikubali njaa yake, anajua itakwisha magharibi, na anaweza kuivunja akiugua. Ua halikubali wala halikatai, halina neno. Mtu analo. Kumkata mtu bila neno lake, kisha kumwambia ni kwa faida yake, ni kumfanya mmea.

Hapo linafuata la tatu, nalo ndilo zito. Ua likichanua, ni kwa faida ya nani?

Tuseme kweli: si kwa faida ya ua. Kule kwao Rasi, kichaka hiki huchanua, hufunga mbegu zake zenye mdomo mrefu kama wa korongo (hata jina la Kigiriki limetoka kwa ndege huyo), hupumzika, na hakuna anayekivunja vikonyo. Tunavunja sisi kwa sababu tunataka mekundu barazani. Si dhambi, ua haliumii kama mtu anavyoumia. Ila tusiseme kwamba tunalisaidia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wenu hamlijui. Nchini Kenya, Uganda na Ethiopia yako mashamba ya nyumba za plastiki ambako jeraniamu hupandwa kwa wingi, lakini ukiingia humo hutakuta uwanja mwekundu. Ile ni mimea mama. Kazi yake ni kutoa ncha. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukata ncha hizo tena na tena, huzipanga kwenye mifuko, na ndani ya siku chache ndege imezifikisha Ulaya, ambako huoteshwa mizizi, kukuzwa, na kuuzwa masika yakifika. Mimea mama huzuiliwa isichanue. Hutolewa matumba, au hupuliziwa dawa ya kuyaangusha, kwa maana ua hula nguvu ya ncha. Basi huo ni mmea unaokatwa tena na tena, na hauoni ua lake. Linafunguka kwenye dirisha la mtu mwingine, maelfu ya kilomita mbali. Hatusemi hivyo kuwalaumu wanaoishi kwa kazi ile, wanalisha watoto. Tunasema tu kwamba kama kukatwa kwenyewe kungeleta kuchanua, mashamba yale yangekuwa mekundu kama moto.

Nasi tukajiuliza, tulipowaambia watu wetu kwamba wanachanua, nani alikuwa anatazama? Wageni huja Quitunda na kamera. Hupenda kupiga picha ya mtu anayecheka mbele ya nyumba ya saruji. Husema, mmepata nyumba imara, umeme, bomba; mnalalamika nini? Sisi wenyewe tumeambiwa hivyo. Nyumba ni imara, ni kweli, na mwenye kukumbuka kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 hawezi kuidharau saruji. Lakini mvuvi aliyewekwa mbali na pwani amefanana na lile tawi lililohamishiwa debe kubwa: kila kitu kipo, isipokuwa kile alichokuwa akikifanya. Tulichokiona ni kwamba mateso hayamchanui mtu, na saruji peke yake nayo haimchanui.

Tutaulizwa: je, mmeifuta Yohana 15? La hasha. Tumeisoma upya. Mule ndani mkulima anajulikana, na tawi linalosafishwa bado limeungana na mzabibu. Lililotupata sisi halikuwa hilo. Kuna kupogoa na kuna kung'oa, na kila mkulima wa muhogo hapa anaijua tofauti. Kosa letu lilikuwa kuchukua neno la kupogoa na kulivika tendo la kung'oa, kisha kulitia mkononi mwa Mungu.

Mchungaji mwenzetu, mtu mwenye hekima kuliko sisi, alitupinga. Alisema: "Ukiwanyang'anya watu maana ya mateso yao, umewaachia nini? Mtu anaweza kuvumilia jambo lolote akijua lina sababu. Ninyi mmeondoa sababu." Ni pingamizi la haki, nasi hatudai kwamba tumelimaliza. Wapo wajane hapa ambao wamesimama kanisani wakashuhudia kwamba vita viliwafundisha kuomba, kwamba zamani walikuwa Wakristo wa Krismasi na Pasaka tu. Tuwaambie wanasema uongo? Hapana, tunasema amina. Lakini maneno yaleyale yakitoka kinywani mwetu kwenda kwake, yanageuka jiwe. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye chini wakanyamaza. Walipofungua vinywa kumweleza maana ya mambo yake ndipo walipoharibu. Maana ya mateso, kama ipo, ni mali ya aliyeteseka. Anaweza kuipata, anaweza asiipate, na akiipata atatuambia mwenyewe. Kazi yetu huko nyuma ni kivuli cha saa sita, na maji ya mchele, na kutia kidole udongoni kabla ya kumwaga.

Tunakiri kwamba ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyafanya. Jumapili hufika kila baada ya siku sita, watu wamekaa kwenye mikeka wanataka kusikia kwamba kuna kusudi, na lugha ya kisu iko tayari ulimini, tamu, inaleta vigelegele. Zaidi ya mara moja tumeimeza katikati ya sentensi.

Kwa mzee yule tulikwenda, ingawa si upesi kama ilivyotupasa. Ilipita karibu miezi miwili. Tulikwenda jioni, tukamsalimia shikamoo, akatupa kigoda, mkewe akaleta chai ya mchaichai. Tulimwambia tumekuja kuomba radhi kwa mahubiri ya siku ile. Alinyamaza muda mrefu, tukidhani hatajibu. Kisha akasema, "Mchungaji, ukirudia kuhubiri habari ile, hubiri ua. Mwanangu usimtie." Tukasema ndiyo, baba. Akatuuliza kama chai imekolea sukari. Hatukuzungumza tena jambo hilo, na hatujalizungumza hadi leo. Jumapili nyingine huja kanisani, nyingine haji, nasi hatumuulizi.

Makopo ya mama sasa ni tisa. Yote yametokana na tawi lile moja la Mueda, isipokuwa mawili ya rangi ya waridi aliyoletewa kutoka Pemba. Mwaka jana moja lilikufa, shina likawa jeusi kuanzia chini. Lilikuwa limesahauliwa kwenye mvua ya Februari. Alilitupa pamoja na udongo wake, akalichoma kopo motoni kabla ya kulitumia tena, asije akaambukiza mengine.

Kipupwe ndiyo kimeanza, kusi linavuma, na wengi wamekuwa wakituuliza matawi yanapatikanaje. Mama amekubali kugawa. Mfike barazani kwake Jumamosi jioni, kila mtu na kopo lake, liwe limetobolewa chini tayari, maana hana msumari wa kuazimisha. Atakukatia tawi la urefu wa kidole kirefu au kuzidi kidogo, chini ya kifundo, lisilo na ua. Ondoa majani ya chini. Usilipande siku ileile ya kukatwa. Liache kivulini mpaka kesho yake ili jeraha likauke, kwani likitiwa udongoni bichi huoza. Kisha lichomeke kwenye mchanga uliooshwa chumvi, ulioloweshwa kidogo tu, uliweke mahali penye mwanga lakini si juani. Usilifunike kwa plastiki. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu hivi, na utajua kwa kulivuta polepole: likishika, limeota. Msilivute kila siku kuangalia. Watoto wetu walifanya hivyo, tukapoteza matatu.